Kikohozi kisichokoma na chumvi kwenye ngozi: mapafu ya mtoto mwenye sistiki faibrosisi, uzi kutoka Kigoma

MWANZISHA UZI

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na ni baba wa binti mwenye umri wa miaka 9 anayeishi na ugonjwa uitwao sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoufanya ute wa mapafu kuwa mzito. Wiki iliyopita mzazi mwenzangu alinisimamisha sokoni Mwanga akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba binti yangu ana kifua kikuu kisichopona. Nilimjibu kwa dakika mbili kati ya mafungu ya dagaa na migebuka, lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba jibu lile halikumtosha yeye wala mimi. Naomba nilijibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa naamini kuna nyumba nyingine katika mkoa huu na mkoa jirani wa Tabora ambamo mtoto anakohoa mwaka wa tatu sasa na hakuna anayejua sababu.

Nianze na bibi yake. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Uvinza, mahali ambapo watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo ladha ya chumvi ni kitu asichoweza kukikosea. Binti yetu alipokuwa na miezi mitano, bibi alimbusu kwenye paji la uso, akajilamba midomo, akasema, "Mtoto huyu ana chumvi." Tulimwambia ni joto la Oktoba. Baadaye mke wangu akaanza kuona kwamba vigauni vya mtoto vikikauka hubaki na mstari mweupe shingoni, kama ule unaobaki kwenye mwamba wakati maji ya chumvi yamekauka. Wala yeye wala mimi mwalimu wa biolojia hatukuihusisha chumvi ile na kikohozi.

Kikohozi kilianza mapema. Alilazwa kwa nimonia kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 7, na kabla hajatimiza miaka 4 alikuwa amelazwa mara 5. Kila mara alichomwa sindano, akapata nafuu, tukaruhusiwa, na kadi ikaandikwa nimonia kana kwamba ndiyo kwanza inampata. Kisha kituo kimoja kikamwanzishia dawa za kifua kikuu ingawa vipimo havikuonyesha vijidudu vyake. Tulizimaliza dawa hizo miezi 6 yote bila kuruka siku, na kikohozi kikabaki palepale. Sidai kwamba kukitafuta kifua kikuu lilikuwa kosa, kwa sababu Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo duniani, na mtoto anayekohoa na kukonda ni lazima apimwe. Uchungu wangu ni kwamba dawa ziliposhindwa, hakuna aliyerudi nyuma kuuliza swali jipya.

Aliyeuliza alikuwa daktari wa watoto aliyefika mkoani kwa kliniki ya siku chache. Aliisoma kadi yote kuanzia ukurasa wa kwanza, kisha akamuuliza mke wangu kinyesi cha mtoto kikoje. Mke wangu akaeleza kwamba ni kingi, kina harufu kali, kinaelea, na kinang'aa kama sufuria iliyotoka kupikiwa mawese. Daktari akavitazama vidole vya mtoto, ambavyo ncha zake zilikuwa zimeanza kuvimba na kuwa za mviringo, akauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuonja jasho lake. Bibi, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, aliitwa ndani kurudia maneno yake ya miaka mitatu iliyopita.

Tulipewa rufaa, tukapanda treni hadi Dar es Salaam, na huko akafanyiwa kipimo cha jasho. Kipimo chenyewe hakiumizi. Hupakwa dawa ya kuamsha jasho kwenye mkono, hupitishwa umeme mdogo sana kuisukuma dawa hiyo ndani ya ngozi, kisha jasho hukusanywa kwa nusu saa na kupimwa kiasi cha kloridi. Matokeo ya milimoli 60 kwa lita au zaidi huashiria ugonjwa. Ya binti yangu yalikuwa 104. Kipimo hiki kina chanzo chake katika joto kali lililoipiga New York mwaka 1948, ambapo watoto wenye ugonjwa huu walizimia kwa kuishiwa maji na chumvi zaidi kuliko watoto wengine. Daktari Paul di Sant'Agnese alifuatilia jambo hilo, na mwaka 1953 akaonyesha kwamba jasho lao lina chumvi iliyopita kiasi. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria mama mkwe wangu.

Sasa nieleze mapafu, maana hapo ndipo ugonjwa huu unapoua.

Chanzo chake ni jeni moja iliyoko kwenye kromosomu ya 7, ambayo ilitambuliwa mwaka 1989. Jeni hiyo huelekeza seli kutengeneza protini iitwayo CFTR, na protini hiyo ni kama mlango mdogo kwenye utando wa seli unaopitisha kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi tunayoila kila siku. Katika mirija ya hewa, kloridi inapotoka kupitia mlango huo maji huifuata, na uso wa mirija hubaki na unyevu. Mlango ukikosekana, maji hayaji na ute hukauka ukawa mzito kama gundi. Katika tezi za jasho kazi ya mlango ni kinyume chake, yaani kuirudisha chumvi mwilini kabla jasho halijafika nje, kwa hiyo ukikosekana chumvi hubaki juu ya ngozi. Ndivyo mtoto mmoja anavyokuwa na ukavu ndani ya kifua na chumvi kwenye paji la uso kwa sababu ileile.

Mirija ya hewa ya mtu mwenye afya ina vijinywele visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga makasia usiku na mchana kuelekea juu, vikisukuma ute pamoja na vumbi na vijidudu hadi kooni, ambako tunavimeza bila kujua. Wavuvi wa Kibirizi wanaijua tofauti kati ya kupiga kasia ziwani na kupiga kasia kwenye tope. Vijinywele vya binti yangu vimo kwenye tope. Kijidudu ambacho kwako kingekuwa kimeshaondoka kabla ya jioni, kwake hunasa na kuanza kuzaliana.

Mwili hautulii. Hutuma chembe nyeupe za damu kwa wingi, nazo hupigana, hufa humohumo, na zikifa humwaga vinasaba vyake, ambavyo ni nyuzi ndefu zenye kunata zinazozidi kuufanya ute kuwa mzito. Humwaga pia vimeng'enya ambavyo vilikusudiwa kuwala maadui lakini sasa vinatafuna kuta za mirija. Baada ya miaka mingi mirija hutanuka na kulegea, hugeuka vifuko ambavyo usaha hutuama, na usaha uliotuama hukaribisha vijidudu vingine. Kwa hiyo zile nimonia tano zilizoandikwa kwenye kadi ya binti yangu hazikuwa nimonia tano. Zilikuwa maambukizi yaleyale yaliyopunguzwa na sindano, yakapumzika, yakainuka tena.

Vijidudu navyo vina zamu. Katika miaka ya mwanzo huonekana zaidi Staphylococcus aureus, yuleyule wa majipu, na Haemophilus influenzae. Baadaye huja anayeogopwa zaidi, Pseudomonas aeruginosa, ambaye makao yake ya kawaida ni maji, udongo na kila mahali penye unyevu, ikiwemo karo la kuoshea vyombo na kikombe cha mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa, kilichoachwa bila kukaushwa. Akiwahiwa mapema anaweza kung'olewa kabisa, kwa mfano kwa antibayotiki ya tobramaisini inayovutwa kwa njia ya mashine kwa siku 28. Akiachwa hubadilika tabia, hujizungushia utelezi na kuishi kwa makundi ndani ya utando ambao dawa huupenya kwa shida, na kutoka hapo watu huishi naye maisha yao yote. Tofauti kati ya hali hizo mbili inaweza kuwa miezi michache tu. Kwa sababu hiyo makohozi ya watoto hawa hutakiwa kuoteshwa maabara kila baada ya miezi mitatu hata kama mtoto anacheza na kucheka, na akiwa mdogo asiyeweza kutema huchukuliwa sampuli kooni.

Nyumbani kwetu siku huanza saa 11 na nusu alfajiri. Kwanza huvuta dawa ya kufungua mirija, kisha huvuta kwa mashine maji safi ya chumvi nzito yaliyotengenezwa kiwandani, ambayo huuvuta unyevu uingie kwenye ute. Baada ya hapo hulala kifudifudi juu ya mito miwili kabla hajala chochote, nami humgonga mgongoni na ubavuni kwa kiganja nilichokikunja kama kikombe, nikiukwepa uti wa mgongo, figo na tumbo. Mtaalamu wa mazoezi ya tiba aliyenifundisha aliniambia nisikilize sauti: inayotakiwa ni nzito, kama mtu anayegonga chungu kitupu, na nikisikia sauti ya kofi basi kiganja changu kimelala na mtoto anaumia bure. Kisha hukaa, huvuta pumzi, na huisukuma nje kwa mdomo wazi kana kwamba anataka kuweka ukungu kwenye kioo, mara tatu au nne, mpaka makohozi yapande. Huyatema kwenye kikombe chenye kifuniko. Mimi huyatazama na kuandika kwenye kauntabuku tarehe, rangi na wingi wake. Jioni tunarudia.

Kauntabuku hiyo imetusaidia kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho. Rangi ikibadilika kutoka nyeupe kwenda kijani, wingi ukiongezeka, hamu ya kula ikipungua na uzito ukishuka katika wiki hiyohiyo, hatusubiri homa, kwa sababu kwa watoto hawa homa inaweza isije kabisa. Tunapeleka makohozi kabla ya kuanza dawa yoyote, kisha dawa huchaguliwa kwa majibu, na dozi yake huwa kubwa na siku zake nyingi kuliko za nimonia ya kawaida, mara nyingi wiki mbili. Kozi ya siku tano iliyonunuliwa dukani humtuliza mtoto na kumwacha bakteria akiwa amefundishwa kuikwepa dawa.

Nakaribisha maswali. Nitajibu kwa kadiri ya nilichoelezwa na madaktari na nilichokiona mwenyewe.

MCHANGIAJI KUTOKA KASULU

Mwalimu, poleni sana kwa hayo mliyoyapitia, na mpe pole mama wa mtoto. Mwanangu ana miaka 3 na amekohoa tangu akiwa mchanga, amepimwa kifua kikuu mara mbili na hana. Jirani yangu amesoma uzi wako kabla yangu na ameniletea chumvi ya Uvinza, akisema niichemshe mtoto avute mvuke wake. Naomba uniambie kama nifanye hivyo. Pia wapo ndugu wa mume wanaosema kwamba hili limetokana na upande wangu.

MWANZISHA UZI

Dada yangu, nakusihi usifanye hivyo. Chumvi ikichemshwa haipandi na mvuke, kwa hiyo mtoto atavuta maji ya moto tu, na watoto wengi wameungua uso na kifua kwa masufuria ya kujifukiza. Wala usiikoroge chumvi ya jikoni ukaiweka kwenye mashine. Maji yanayotumika yana chumvi ya asilimia 3 hadi 7 iliyopimwa na hayana kijidudu hata kimoja. Ya kukoroga nyumbani yanaweza kumpeleka Pseudomonas moja kwa moja mapafuni. Hata yale safi yanaweza kubana mirija ya hewa kwa ghafla, na ndiyo maana dozi ya kwanza hutolewa mbele ya mtaalamu, baada ya dawa ya kufungua kifua.

Ninachokuomba ni kuangalia mambo manne na kuyaandika: kama ngozi yake ina ladha ya chumvi isiyo ya kawaida, kama kinyesi chake kina mafuta, kama haongezeki uzito ingawa anakula vizuri, na kama makohozi hayakauki hata katikati ya vipindi vya ugonjwa. Ukikuta yote au baadhi, mpeleke hospitali ya mkoa Maweni pamoja na kadi zake zote, uombe aonwe na daktari wa watoto. Pengine atakuta ni pumu, au ni punje ya karanga iliyoingia kwenye njia ya hewa, au kinga ya mwili iliyopungua, maana kikohozi cha muda mrefu kina milango mingi. Ila usikubali kurudi nyumbani na neno nimonia tena na tena kama sisi.

Kuhusu ndugu wa mume, waambie kwa upole kwamba ugonjwa huu hauwezi kutoka upande mmoja. Mtoto huupata akirithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wazazi wenyewe huwa wazima kabisa. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne. Kwetu lilisemwa hilohilo, mke wangu akalia siku tatu, na nilipochora mchoro wa urithi kwenye karatasi mbele ya baba yangu ndipo mazungumzo hayo yalipokoma.

MCHANGIAJI KUTOKA TABORA

Mwalimu, mimi ni tabibu na nimefanya kazi na wagonjwa wa kifua kwa miaka mingi. Nakuheshimu kwa ulivyoandika, lakini nina mashaka mawili. La kwanza, tulifundishwa kwamba sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa watu wenye asili ya Ulaya. La pili, ambalo linanisumbua zaidi, ni kwamba msomaji mwenye mtoto aliyeanza dawa za kifua kikuu anaweza kuzitupa leo usiku baada ya kusoma uzi huu.

MWANZISHA UZI

Tabibu, nakushukuru, na naanza na la pili kwa sababu lina uzito. Yeyote anayesoma hapa na ambaye yeye au mtoto wake ameanzishiwa dawa za kifua kikuu, aendelee nazo hadi mwisho mpaka daktari aseme vinginevyo. Dawa hizo hutolewa bure, zinaponya, na kuziacha njiani huzaa kifua kikuu sugu. Tena mtu mwenye sistiki faibrosisi anaweza kuupata ugonjwa huo kama mtu mwingine yeyote.

Kuhusu la kwanza, ni kweli kwamba ugonjwa ulielezwa huko na unaonekana zaidi huko. Lakini Afrika Kusini walipoanza kuwapima watoto weusi waliwakuta, na badiliko la jeni linaloongoza miongoni mwao, liitwalo 3120+1G>A, si lile linaloongoza Ulaya. Binti yangu ana nakala mbili za badiliko hilo la Kiafrika. Mimi ni Muha, mke wangu ni Mvinza, na katika koo zetu zote mbili kuna watoto waliofariki kwa kilichoitwa kifua kabla ya kufika darasa la kwanza. Sina namna ya kujua walikuwa na nini. Ninachojua ni kwamba kipimo kinachotafuta mabadiliko ya Kizungu peke yake kingemwambia binti yangu hana ugonjwa, na ugonjwa usiotafutwa huhesabiwa kuwa haupo.

MCHANGIAJI KUTOKA TABORA

Nimekuelewa, na nimeridhika hasa na hilo la dawa. Niongeze jambo moja kwa faida ya wenzangu wa maabara na vituo vya afya. Wapo vijidudu vya jamii ya kifua kikuu ambavyo si kifua kikuu chenyewe, kama Mycobacterium abscessus, navyo huyapenda sana mapafu ya wagonjwa hawa. Chini ya hadubini, kwa rangi ileile tunayoitumia, huonekana vilevile. Kwa hiyo kipimo cha hadubini kikisoma chanya na mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu chenyewe, ikasoma hasi kwa mgonjwa aliyekwisha kutibiwa, tusiharakishe kusema mashine imekosea. Tupeleke sampuli ikaoteshwe.

MCHANGIAJI KUTOKA UJIJI

Assalaam alaykum mwalimu. Nimesikia kwamba watoto hawa hupewa vidonge vya kusaga chakula vinavyotokana na nguruwe. Je, ninyi mlifanyaje, na vinahusiana vipi na mapafu?

MWANZISHA UZI

Waalaykum salaam, mzee wangu. Ni kweli. Ute uleule mzito huziba mirija ya kongosho, chakula hakisagiki, mafuta yanapita tu, na vidonge vya kuziba pengo hilo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Tulimwendea sheikh wa msikiti wetu tukiwa na barua ya daktari, akatuambia kwamba panapokosekana mbadala na uhai ukiwa hatarini, dharura ina hukumu yake. Wengine waulize masheikh wao. Uhusiano na mapafu ni wa moja kwa moja: mtoto aliyekonda hana nguvu ya kukohoa wala ya kupambana na maambukizi, na tangu binti yangu aanze vidonge hivyo na kuongezeka kilo, vipindi vya makohozi ya kijani vimepungua. Sasa mawese anayokula yanamfaa. Huongezewa chumvi pia kwenye chakula wakati wa joto, jambo ambalo humshangaza kila mgeni anayekula kwetu.

MCHANGIAJI, MUUGUZI, KIGOMA

Mwalimu, naomba nisisitize usafi wa mashine, kwa sababu nimeona wazazi wanaihangaikia dawa na kukisahau kikombe. Kila baada ya kutumia, vioshwe vile visehemu kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha vichemshwe kwa dakika 5 ikiwa maelezo ya mtengenezaji yanaruhusu, halafu viachwe vikauke vyenyewe juu ya kitambaa safi. Visisuuzwe tena kwa maji ya ndoo baada ya kuchemshwa, na wala mashine isiazimwe kwa jirani mwenye pumu, hata kama huruma inakusukuma. Jambo la pili ni moshi. Mtoto huyu asilale karibu na jiko la kuni wala kwenye vichanja vya kukaushia samaki. La tatu, chanjo zote za ratiba ya taifa zikamilike, hasa surua, pentavalenti na nimokokasi.

MCHANGIAJI KUTOKA URAMBO

Mwalimu, nimesoma uzi huu huku natetemeka. Mtoto wa dada yangu, wa kiume, ana miaka 11, na mwaka jana alithibitishwa kuwa na ugonjwa huuhuu. Tulidhani yuko peke yake katika ukanda wote wa reli hii. Anauliza kila siku kama yupo mtoto mwingine anayegongwa mgongo asubuhi. Likizo ya Juni naweza kumleta Kigoma kwa treni. Tungependa akae kwenu hata siku tatu, acheze na binti yako, ajue kwamba hayuko peke yake. Je, kuna vidonge vipya tulivyosikia kwamba vinaponya?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu, nimeusoma ujumbe wako kwa mke wangu kwa sauti na tumekaa kimya muda mrefu. Jibu nililo nalo ni gumu, na naomba ulipokee kwa nia njema niliyonayo kwa kijana wenu. Watoto wetu hawapaswi kukutana.

Kuna kundi la bakteria liitwalo Burkholderia cepacia, ambalo mmoja wao alielezwa mwaka 1950 na mwanasayansi wa mimea Walter Burkholder kama kijidudu kinachoozesha vitunguu. Mtu mwenye mapafu mazima hata hatambui kama amekutana nacho. Kwa mwenye sistiki faibrosisi kinaweza kuleta homa kali na kuyaangamiza mapafu katika muda wa wiki chache, na kinastahimili dawa nyingi bila kudhurika. Zamani huko Ulaya na Amerika Kaskazini watoto wenye ugonjwa huu walikusanywa kambini wakati wa likizo, wakacheza na kulala pamoja kwa furaha kama hiyo unayomtakia mpwa wako. Ilipogundulika kwamba walikuwa wakiambukizana, kambi hizo zilifungwa katika miaka ya 1990. Pseudomonas naye huhama vivyo hivyo kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Tangu hapo wagonjwa huonwa kliniki kwa siku au vyumba tofauti, na wakilazimika kuwa mahali pamoja hukaa mbali kwa mita 2 au zaidi, wakiwa na barakoa. Mpwa wako anaweza kucheza na watoto wote wa Urambo, na wangu na watoto wote wa Kigoma, isipokuwa hawa wawili.

Vidonge ulivyovisikia vipo. Hivyo vinavyochanganya dawa tatu vilipitishwa Marekani mwaka 2019, na vimewabadilishia maisha wengi kwa kuusaidia ule mlango wa kloridi ufike mahali pake na kufunguka, ingawa haviiondoi kasoro kwenye jeni na mirija iliyokwisha haribika hairudi upya. Bei yake huko ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka. Vinahitaji protini iwepo, hata kama imepinda. Badiliko la binti yangu halitoi protini ya kusaidiwa, kwa hiyo kwake havifai hata tungepewa bure. Wa kwenu mpeni daktari jina kamili la mabadiliko yake ya jeni ndipo mjue. Kwa sasa sisi tunaendelea na mito, kiganja na kauntabuku.

Lakini simu hazina bakteria. Binti yangu humaliza zamu yake ya asubuhi saa 12 na robo, na Jumamosi haendi shule. Amenituma nimuulize kijana wenu kama yeye hugongwa kuanzia upande wa kulia au wa kushoto, kwa sababu anaamini upande wa kushoto ndio unaotoa makohozi mengi. Nitumie ujumbe wa faragha wenye namba ya dada yako, na Jumamosi hii saa 12 na nusu asubuhi yeye mwenyewe atapiga.